Malagarasi kwa boti na mtumbwi: Ilagala, Uvinza, Sagara

Wageni wengi wanaofika Kigoma kutazama wanyama wanaishia Kibirizi. Wanapanda boti kwenda Gombe na kurudi na picha za sokwe, halafu hao, wameondoka. Mto Malagarasi haumo kwenye ratiba zao, ingawa hakuna mto mkubwa kuliko huo unaoingia Ziwa Tanganyika, na njia yake ya maji ni kongwe kuliko ziwa lenyewe: kabla bonde la ufa halijafunguka ulitiririka moja kwa moja kuelekea Kongo. Ndiyo maana mpaka leo wamo samaki wenye undugu na wa Kongo ambao ziwani hawapo.

Simulizi hii imeunganishwa nyumbani kutoka kwenye daftari na picha za simu. Msimu ni mwisho wa Agosti, kiangazi kimekolea. Bei ni zile zilizolipwa safari hii.

Jumatano, Kigoma mjini

Siku ya soko na maswali. Dagaa walikuwa wamerudi mezani, maana utaratibu ulioanza 2024 wa kufunga uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ulikuwa umemaliza muda wake. Kwa msafiri wa mtoni jambo hili si dogo. Ziwa likiwa limefungwa, wenye boti wana nafasi na bei inalegea. Likifunguliwa, nahodha mzuri anakesha kwenye taa za dagaa, na asubuhi anashika usukani huku anasinzia. Muulize alilala saa ngapi. Njia rahisi zaidi ni kupanga safari siku za mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti dagaa, na wavuvi wanapumzika.

Vitu vya kununua mjini, kwa sababu huko mbele havina uhakika: jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa na nahodha akiwemo, oili ya injini ya boti, plagi ya akiba, pini mbili za pangaboi, kamba ya mita 15, kopo la kutolea maji. Injini nyingi za ukanda huu ni za mchanganyiko wa petroli na oili, nyingi zikitaka 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20. Soma kibandiko cha injini yenyewe, usimsikilize kila mtu. Oili ikizidi, plagi inaziba na moshi unatanda juu ya maji. Ikipungua, pistoni inakwama, na huko hakuna wa kukuvuta. Mchanganyiko ufanyikie kituoni, ndani ya dumu lenye kifuniko. Anayechanganyia ukingoni, akinyonya petroli kwa mpira, ataacha rangi za upinde wa mvua mahali ambapo akina mama wanachota maji.

Tuzungumze Gombe kidogo kwa sababu ni kipimo kizuri. Kule masharti yanajulikana kabla ya kuanza kupanda mlima: mita 10 kati yako na sokwe, saa moja ukishawakuta, kikundi kidogo, aliye chini ya miaka 15 haingii, mwenye mafua anabaki. Masharti hayo yamelipiwa. Mwaka 1966 polio iliwakumba sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki na viungo vilivyopooza, na baadaye magonjwa ya njia ya hewa yamewarudia zaidi ya mara moja. Ndizi zilizotumika miaka ya mwanzo kuwavuta karibu na watafiti zilileta ugomvi kati yao, na kati yao na nyani, mpaka zikaachwa kabisa.

Malagarasi ya chini haina geti wala askari wa hifadhi anayekaa kando ya nahodha. Masharti yanapangwa ufukoni, wakati wa kupatana bei, na hapo ndipo safari ya heshima na safari ya fujo zinapoachana. Watu wanadhani uadilifu wa utalii ni suala la moyo mwema mkiwa katikati ya mto. Mkiwa katikati ya mto mmeshachelewa.

Alhamisi, Kigoma – Simbo – Ilagala

Lami hadi njia panda ya Simbo, kisha vumbi jekundu. Nauli 5,000, gari inajaa ndipo inaondoka, na kujaa kwenyewe kulichukua saa moja na nusu. Mizigo ya juu ni madumu matupu ya mawese yanayorudi shambani. Ukikaa kiti cha nyuma funga mdomo kwa kitambaa. Vumbi linaingia kwa mlango ambao haufungi.

Ilagala ni kijiji cha michikichi na cha mto. Chakula cha mchana ni ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka aliyepikwa kwa mawese, 4,000. Mama lishe alipoona wageni wanasita juu ya wingi wa mafuta, akaleta bakuli la pili la mchuzi mwepesi na kukataa kabisa kulipwa: "Hilo nimewaonjesha, wanangu. Mtalipa mkirudi mkiwa mmelipenda."

Kituo cha kwanza ni ofisi ya mtendaji wa kijiji. Eleza mnakwenda wapi na nani, andika majina kitabuni, ulizia kama kuna ada ya kijiji, na ukilipa chukua stakabadhi. Sisi tulilipa 10,000 kwa kila mgeni. Stakabadhi ina kazi mbili. Fedha inakuwa ya kijiji badala ya mfuko wa mtu, na mkipotea kuna anayejua mlielekea wapi. Uliza pia viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ni akina nani; hao ndio wanaojua viboko wamehamia wapi mwezi huu, na ni bandari ipi ya kuchotea maji ambayo mamba amekuwa akiivizia.

Halafu bei. Ya kwanza kutajwa ilikuwa 150,000 kwa asubuhi nzima, "na mkitaka tuwasogelee kabisa, kaka, mtaniongezea thelathini." Sentensi hiyo si ya ulafi. Ni matokeo ya wageni waliotangulia, waliotoa noti pale kiboko alipofungua kinywa mbele ya simu zao. Nahodha amejifunza kinacholipwa. Na anayelipwa kwa kiboko atamfuata kiboko mpaka amkasirishe. Anayelipwa kwa saa hana sababu ya kuhatarisha boti yake.

Mapatano yakawa hivi. Boti, nahodha na msaidizi kwa 20,000 kwa saa, si chini ya saa sita, wanyama waonekane au wasionekane. Mafuta juu yetu. Bakshishi ya 15,000 kwa kila mmoja inatajwa sasa hivi na inalipwa nchi kavu, na hakuna noti itakayotoka mtoni. Nahodha ana ruhusa ya kugeuza boti muda wowote bila kukatwa hata shilingi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichomfanya acheke na kutoa mkono. Yote yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, nakala moja akabaki nayo.

Kuhusu mafuta, hesabu ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Injini ya nguvu farasi 15 ikiendeshwa nusu inakunywa lita tatu hadi nne kwa saa. Ikifunguliwa yote, karibu mara mbili. Lita 15 zilitosha na zikabaki.

Ijumaa asubuhi, kupanda mto

Tuliondoka saa moja na robo, jua limeshatoka. Mtu atakushauri uanze gizani ili uwahi. Kataa. Viboko wanakula majani usiku nchi kavu na kurudi majini alfajiri, kwa njia zao zilezile zilizochimbika ukingoni kama mifereji. Boti inayoondoka ufukoni wakati huo inawakata njia, na kiboko aliyezuiwa asifike kwenye kina ndiye anayeua.

Mpango mzuri wa mto huu ni kupanda kwanza kwa injini, taratibu, kisha kuiacha boti ishuke na mkondo kwa upondo. Mafuta yanapungua nusu, na picha zote nzuri zinapatikana wakati wa kushuka. Kasi ya kupanda iwe ile ambayo wimbi la nyuma halivunjikii ukingoni. Kingo za udongo zina matundu ya mdiria. Wimbi likipiga kila siku, udongo unaanguka pamoja na vifaranga.

Baada ya kona ya tatu hivi nahodha alipunguza moto na kusogea upande wa maji mafupi. Kanuni ya viboko ni hiyo: wewe chukua kina kifupi, kina kirefu waachie wao. Mkiwa juu ya kina wanapita chini yenu, na hamtajua mpaka boti inyanyuke. Kisha msaidizi akagonga ubavu wa boti kwa mpini wa kasia, ko, ko, ko. Kwa kiboko ukimya si adabu, kwani anayeshtukizwa ndiye anayeshambulia. Wakisikia mlio wanaibua vichwa, na hapo mnahesabu. Kiboko anaweza kukaa chini kama dakika tano, kwa hiyo hesabu inachukua muda: walikuwa saba, wakawa tisa, wakatulia kwenye kumi na mmoja. Hakuna kupita mpaka idadi itulie na wote wawe upande mmoja.

Umbali tuliupima kwa boti yenyewe. Ilikuwa na urefu wa mita nane hivi. Urefu wa boti saba ni zaidi ya mita 50, na huo ukawa mpaka. Dalili za kwamba hata hapo ni karibu mno: wote wanageuza uso kwenu na kuacha kuchezesha masikio, dume anapiga miayo na kuonyesha meno (wageni wanadhani ana usingizi), anarusha kinyesi kwa mkia, anazama akielekea kwenu badala ya kwenda pembeni. Ile ya mwisho haina mjadala, washa injini na ondoka. Mama mwenye ndama mwongezee umbali mara mbili.

Wakati tumesimama, boti nyingine ilitokea chini na abiria wa kutoka mjini na muziki wa spika. Ilikwenda moja kwa moja katikati. Kundi likagawanyika, ndama mmoja akabaki upande wa matete, mama yake akatoka majini hadi kifuani na kurudi kwa kishindo, na abiria wakapiga makofi. Yote hayo hayakuzidi dakika nne. Nahodha wetu hakuwapigia kelele, alisema tu: "Hao wataondoka, sisi tutavua hapa usiku." Na hilo ndilo ambalo mgeni halioni. Kundi lililosumbuliwa haliendi mbinguni. Linahamia kona inayofuata, ambako kuna nyavu, mashamba ya mahindi na watoto wanaooga. Gharama ya picha inalipwa na mtu ambaye hakuwa kwenye boti.

Kushuka na mkondo ndiko kulikokuwa na ndege. Furukombe wawili wakiitana, mnandi na mbizi wakikausha mabawa kwenye miti iliyozama, korongo domo-wazi wakitafuta konokono. Ndege wakinyoosha shingo wote kwa pamoja, umefika mwisho. Hatua moja zaidi wanaruka. Kwenye miti yenye viota usipite saa za jua kali. Mzazi akiruka, vifaranga wanabaki juani bila kivuli, na furukombe naye ana macho. Simu ya kuchezesha milio ya ndege ili watokee ibaki mfukoni wakati wa kuzaliana, kwa sababu dume anaacha kiota kwenda kupigana na spika. Droni inahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na hata ukiwa nacho, kundi la ndege wa majini linaiona kama mwewe.

Njiani kulikuwa na watu wakivuta kokoro. Ni zana iliyopigwa marufuku, na kila mmoja ndani ya boti alijua. Usiwapige picha na kuzirusha mtandaoni. Nahodha ni jirani yao, na kesho mgeni hayupo. Kama lina uzito kwako, ongea na BMU ukirudi, bila sura za watu.

Ijumaa mchana, mdomo wa mto

Kuelekea ziwani mto unagawanyika kwenye mafunjo na matete, na njia iliyopitika mwaka jana huenda leo haipo. Maji ya ziwa yalipanda sana miaka ya karibuni, yakafunika fukwe na nyumba hata kule Kibirizi. Huku yameacha visiki chini ya maji. Kisiki kimoja kilitukatia pini ya pangaboi. Kubadilisha ni dakika kumi: inua injini, toa kotapini, chomoa pangaboi, sukuma vipande vya pini iliyokatika, ingiza mpya, rudisha. Wengi wanaingiza msumari wa chuma badala ya pini. Msumari haukatiki, na siku ukigonga kisiki tena kinachovunjika ni gia. Pini ni laini kwa makusudi, ikatike yenyewe na kuokoa gia.

Fika mdomoni na uondoke kabla ya saa nne. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki unaanza kuchacha, na pale mkondo wa mto unapokutana na wimbi la ziwa maji yanasimama wima. Sisi tulichelewa kwa sababu ya pini, tukajibanza nyuma ya matete kwa zaidi ya saa mbili. Mtumbwi wa wavuvi uliokuwa umejibanza vilevile ulitupitishia mihogo ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, na chumvi kwenye karatasi.

Mamba walikuwa kwenye mchanga ng'ambo. Kiangazi ndicho kipindi cha kutaga, na mayai yanakaa mchangani karibu miezi mitatu hadi mvua zianze, kwa hiyo fungu la mchanga linaloonekana zuri kwa chakula cha mchana huenda ni kiota, na mama yuko majini mita chache. Kula ndani ya boti.

Na lile la kuwatupia utumbo wa samaki ili wasogee lisifanyike kabisa. Mamba anayelishwa kutoka kwenye boti anajifunza jambo moja: binadamu ukingoni maana yake chakula. Hawezi kutofautisha mtalii mwenye ndoo ya utumbo na binti mwenye ndoo ya maji. Mto huu umeshachukua watu. Ukiona nahodha anaandaa utumbo asubuhi, tafuta mwingine.

Msaidizi alisema usinawe mikono ukining'inia nje ya boti. Ongeza na kichocho: maji yaliyotulia kwenye matete ndiyo makazi ya konokono wake, kwa hiyo ukishuka kusukuma boti vaa buti la mpira na ujikaushe mara moja.

Jumamosi, Uvinza

Kurudi Simbo na kwenda Uvinza ni siku ya magari tu. Uvinza penyewe ni chumvi, inayotoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na makutano ya Ruchugi na Malagarasi. Wanaakiolojia waliochimba hapo miaka ya 1960 walikuta kazi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,500. Chini ya mji, mto unaporomoka kwenye maporomoko ya Igamba. Mradi wa umeme uliokusudiwa hapo kwa fedha za Marekani uliachwa baada ya tathmini kuonyesha hatari kwa viumbe wa majini walioko eneo hilo, na fedha zikaelekezwa kwenye umeme wa jua. Konokono na samaki wadogo ambao hakuna mgeni anayelipa kuwaona walizuia mitambo ya mradi huo. Viboko wangeweza kuhama.

Malazi 20,000, maji ya kuoga kwenye ndoo, chandarua kina tundu. Beba sindano na uzi.

Jumapili na Jumatatu, Nguruka na Ziwa Sagara

Basi la Tabora linavuka mto kwenye Daraja la Kikwete. Ukikaa upande wa kulia unaona mafunjo yanavyotanda, na hapo ndipo ukubwa wa jambo unaeleweka. Eneo oevu la Malagarasi-Muyovozi liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa maeneo oevu, mwaka 2000, la kwanza kwa Tanzania, hekta 3,250,000. Ndani yake mna mapori ya akiba, misitu, maziwa ya Sagara na Nyamagoma, vijiji, ng'ombe na wavuvi. Kwa hiyo swali la kwanza Nguruka ni "huku tunakotaka kwenda ni ardhi ya nani?" Pori la akiba linahitaji kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kijana wa bodaboda anayesema "twende tu, mzee" hatakuwepo mtakapokamatwa.

Bodaboda hadi ziwani 15,000 kwenda na kurudi, na dereva akasubiri kutwa nzima bila kuongeza bei. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kofia ya mwenzetu ilidondoka njiani, akarudi kilomita kadhaa kuifuata.

Sagara ni maji mafupi na mtumbwi wa gogo. Injini haina kazi, pangaboi linajaa majani. Watu wawili na mpiga kasia kwa mtumbwi, si zaidi, na kila mtu akae chini kabisa, magoti yamekunjwa. Bei 10,000 kwa saa kwa mtumbwi. Kwenye viboko mtumbwi wa gogo haupelekwi hata kwa mita 50. Wenyeji wakisema upande fulani una viboko, upande huo umefungwa kwa siku hiyo.

Kinachowaleta wageni huku ni korongo-nyangumi, ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye anasimama bila kutikisika akimngoja kamongo apande kuvuta hewa. Vijana wawili walisema wanajua kiota. Njia ya kufika haikuwepo, lakini kwa 40,000 wangekata mafunjo.

Hapa ndipo inafaa mgeni ajue ndege huyu anaishije. Kwa kawaida anataga mayai mawili na mara nyingi anayekua ni kifaranga mmoja. Jua likiwa kali mzazi anajaza maji mdomoni na kuyamwagia mayai au kifaranga ili vipoe. Ukimfukuza kiotani saa sita mchana na kukaa nusu saa ukipiga picha, umewaacha bila maji kwenye joto ambalo hata wewe unalilalamikia. Na njia iliyokatwa kwenye mafunjo haifungwi mnapoondoka. Kenge anaipita, moto wa kiangazi unaipita, na mtu anayetafuta vifaranga wa kuuza naye anaipita. Korongo-nyangumi amekuwa na soko la wafugaji wa nje, na Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, lakini amri haimzuii mtu aliyeonyeshwa mlango. Kwa sababu hiyohiyo ukimpata kwa mbali, zima kumbukumbu ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha.

Tulisema hapana kwa kiota na ndiyo kwa saa nne za kukaa kwenye ukingo wa mafunjo. Tuliona nyayo za nzohe, swala wa kwenye kinamasi, zile kwato ndefu zilizoachana, juu ya tope la asubuhi ileile. Fisi maji mmoja. Korongo-nyangumi hakutokea, si Jumapili, si Jumatatu. Vijana walilipwa saa zao zote kama ilivyopatanwa. Mmoja alishangaa waziwazi: "Sasa mnalipia nini, dada?" Akajibiwa kwamba wanalipia kasia. Alifikiri kidogo, akauliza kama wageni wengine nao wataelewa hivyo. Swali la haki, na jibu ni kwamba wengi hawataelewa, mpaka bei ya saa ibandikwe ufukoni na kila mpiga kasia aishike. Akiwapo mmoja wa kuuza kiota, bei ya wote inaanguka. Mzee wa BMU alikuwa ameshaanza kuliandika hilo nyuma ya kitabu cha leseni: saa, bei, idadi ya watu kwa mtumbwi, 2,000 ya kila mgeni kwenda kwenye mfuko wa uzio wa miti kwenye bandari ya kuchotea maji.

Jumanne, treni kwenda Tabora

Treni ilichelewa Nguruka kwa saa tano. Nunua samaki wa kuokwa mapema, kabla abiria hawajamwagika kwenye jukwaa, kwani baada ya hapo bei inapanda na samaki wanakuwa mikia. Daraja la tatu lina joto lakini madirisha yanafunguka. Nunua tiketi kituoni, usimpe mtu wa pembeni.

Kwenye behewa letu alikuwapo mrina asali mwenye madumu manne, anayekwenda kuuza Tabora. Alifungua moja na kumimina asali kwenye kifuniko cha chupa, kila mtu akalamba. Mazungumzo yakafika Ugalla. Ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi walikuwa wakipewa vibali vya msimu kuingia kiangazi; mwaka 2019 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na hifadhi ya taifa kwa kawaida ni ya watalii na watafiti. Mzinga wa gome aliourithi kwa baba yake uko ng'ambo ya mpaka. Hakuwa na hasira na wanyama. "Mimi nilikuwa namfukuza jangili kwa kuwepo tu," alisema. "Sasa nani yuko kule mwezi wa kumi? Ninyi?"

Kwa anayetaka kuendelea Ugalla: kibali ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, msimu ni Juni hadi Oktoba kabla mvua hazijafunga barabara, gari liwe la kujitegemea na mafuta yajazwe Tabora. Ndorobo, yaani mbung'o, ni wengi kwenye misitu ya miombo. Usivae bluu wala nyeusi, ndizo rangi zinazowavuta, na hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa hivyo. Ukipata mwongozaji, ulizia kama aliwahi kurina asali humo. Wapo wanaoijua kila kona ya mto, na kazi ya kuongoza wageni ni moja ya chache ambazo bado zinaweza kuwarudisha ndani kihalali. Lipa kwa siku, na bakshishi itaje mapema.